Laana ya Tumbo Moja

Mtaani kwao walimwita Marehemu, naye alikuwa hai kuliko wengi waliomwita hivyo. Alikuwa seremala wa milango na fremu za madirisha, mrefu, mkavu, mwenye gubu lisiloisha na ulimi mkali kuliko patasi zake. Ukimwita Marehemu mbele ya uso wake alikuitikia, lakini kwa jibu ambalo mara ya pili lilikufanya ufikiri kwanza.

Jina lenyewe hakuzaliwa nalo, alilipata ukubwani. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja alipoanza kuona damu chooni. Akajiambia ni bawasiri, akanywa maji mengi, akanyamaza kama wanavyonyamaza wanaume wengi kuhusu sehemu hiyo ya mwili. Alipokubali kwenda hospitali, saratani ilikuwa imeshajenga nyumba mwishoni mwa utumbo mkubwa. Wakamkata. Njia aliyozaliwa nayo wakaifunga moja kwa moja, wakamfungulia nyingine tumboni upande wa kushoto, chini kidogo ya kitovu, wakambandika mfuko wa kupokea choo. Kisha wakaanza kumtundikia dawa za mshipani, awamu baada ya awamu, mpaka mkewe akawa anaweza kumgeuza kitandani kwa mkono mmoja.

Katikati ya dawa hizo ndipo alipozimia wodini. Wakambeba haraka kumpeleka chumba cha mahututi. Simu kutoka nyumbani ilipolia wodini kuuliza hali, aliyeipokea alikuwa mfagizi wa wodi, mtu mwema asiye na habari kamili. Akasema, "Mgonjwa wenu ametoka." Huku nyumbani, aliyekuwa na simu sikioni alikuwa Dada Mkubwa, kifungua mimba wa familia yao, mwanamke aliyezoea kusikia mabaya hata pale yasipokuwepo. Alisikia, "Ametutoka."

Mchana haujafika, turubai limeshafungwa, viti vimeshakodiwa, watu wameshaketi. Dada Mkubwa alilia mpaka sauti ikamkauka. Jioni simu ikaja kutoka kwa mke wa mgonjwa, ambaye alikuwa hospitalini muda wote na hakujua kwamba amefanywa mjane: mumewe amezinduka, anataka chai ya rangi isiyo na sukari, na anauliza kwa nini leo hakuna hata ndugu mmoja aliyekuja kumwona.

Waombolezaji walitazamana. Wapo waliofurahi kweli. Wapo pia waliokunja viti wakinung'unika, kama watu waliolipa kiingilio cha mechi halafu timu isitokee. Kinyozi wa pale kona ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema "marehemu kaomba chai," na kuanzia siku hiyo jina la kuzaliwa likabaki kwenye vyeti tu.

Aliporudi nyumbani akiwa mifupa na mfuko, Marehemu aligundua kwamba haraka ya ndugu zake haikuishia kwenye kilio. Suti yake ilikuwa imeshavaliwa na mume wa Dada Mkubwa, tena imeshapunguzwa mikono. Viatu vyake vya ngozi hakuna aliyejua vilikokwenda. Na karakana, yaani banda la mabati lenye mashine ya randa, msumeno wa meza, na mbao alizokuwa akizikausha kwa ajili ya kazi ya shule moja, ilikuwa mikononi mwa mdogo wake wa mwisho, ambaye ukoo mzima ulimwita Kitinda hata alipoanza kuota mvi.

Kitinda hakuwa mwizi. Hilo ndilo lililomuudhi Marehemu zaidi, maana mwizi angejua la kumfanya.

"Kaka, daktari kasema usinyanyue kitu kizito maisha yako yote," Kitinda alimwambia, mikono imejaa vumbi la mbao. "Karakana ni kunyanyua. Mimi nakushikia tu."

"Unanishikia mpaka lini?"

"Mpaka upone."

"Nimepona."

Kitinda akatupa jicho kwenye tumbo la kaka yake, pale shati lilipotuna kidogo, kisha akaangalia pembeni.

"Au basi," akaongeza, "uwe unakuja kukaa pale mlangoni kwenye kiti. Unapokea wateja, unapokea salamu. Watu wanakupenda."

"Mimi si kinyago cha kuvutia wateja!"

Wiki hiyohiyo mambo yakalipuka. Daktari, siku ya kumruhusu, alikuwa amempa neno la kupeleka nyumbani: ugonjwa kama wake, hasa ukimpata mtu mapema, huweza kutembea kwenye damu, kwa hiyo ndugu zake wa baba na mama mmoja wapimwe utumbo wakikaribia umri ule, hata kama hawaumwi. Marehemu alikuwa amelipanga neno hilo. Alitaka awaite, awakalishe, awaeleze pole pole kama mtu mzima. Lakini alipopita mbele ya karakana akamwona Kitinda anacheka na wateja, huku mkono ameuegemeza juu ya mashine ya randa kama mtu aliyeegemea gari lake. Damu ikamchemka.

"Cheka!" alipiga kelele katikati ya barabara. "Cheka tu! Huu ugonjwa ni wa tumbo moja! Na wewe utakufika! Utaiona damu, na siku hiyo utakumbuka kwamba nilikwambia!"

Muuza vocha alisimama. Dada Mkubwa, aliyekuwa amekuja kununua rafu ya jikoni, alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Umemlaani mdogo wako!"

"Nimemwambia alichosema daktari!"

"Daktari gani anasema 'utaiona damu'?"

Hapo Marehemu, badala ya kueleza, akatukana. Matusi yale yakaufunga mlango. Tangu siku hiyo ushauri wa daktari uliingia katika historia ya familia kama laana, na ukakaa huko miaka kumi na mitano.

Miaka hiyo watu huisimulia vibaya. Wakimwona barabarani walimwambia, "Mungu mkubwa, wewe ni shujaa, umeishinda." Alichukia neno hilo kuliko jina la Marehemu. Shujaa gani anayetembea mjini huku anahesabu vyoo? Kwenye mikutano alikaa karibu na mlango. Akiwa na safari, hakutia kitu mdomoni tangu jana yake. Harusini mfuko ulimshikia adabu mpaka bwana harusi alipoinuka kusema neno la shukrani, na hapo ukaguna mbele za watu wote, naye akageuka kumkazia macho mzee wa watu aliyekaa jirani yake, mpaka yule mzee mwenyewe akaanza kuomba radhi. Pembeni ya tundu pakaota ngiri, uvimbe wa ukubwa wa chungwa uliotoka akikohoa, kwa hiyo alifanya kazi amejifunga mkanda mpana chini ya shati, jua liwake lisiwake.

Na vidole. Kuhusu vidole hakuna aliyemwambia mapema. Dawa za mshipani ziliondoka zikaacha ganzi kwenye ncha za vidole vya mikono na miguu. Madaktari wakasema itapungua, ikapungua kidogo, kisha ikakataa kwenda mbali zaidi. Seremala huusoma ubao kwa vidole kabla ya kuuona kwa macho. Yeye aliupapasa ubao asijue kama ni laini au una vibanzi. Aliweza kupigilia msumari, akagundua baada ya muda kwamba ubao una damu, ndipo akaanza kutafuta ni kidole gani. Alijenga kibanda chake uani, akaacha kazi za makabati na nakshi, akabaki na milango na fremu, kazi ambazo rula inaweza kukusaidia pale kidole kinapokuwa bubu. Alizifanya vizuri. Ila kila mteja aliyesifu mlango aliambiwa, "Ungeniona zamani," kwa sauti ya mtu anayedai.

Mkewe alivumilia mengi. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, mwanamke wa maneno machache yenye uzito. Siku moja mumewe alipokuwa akibamiza vitu kwa sababu mbao zimechelewa, alizima cherehani akamwambia, "Ugonjwa wako nimeuuguza mwaka mmoja. Miaka iliyobaki yote nimeuguza hasira. Ugonjwa ulikuwa mwepesi."

"Kama umechoka sema."

"Nimesema sasa hivi. Husikii?"

Binti yao wa pekee hakungoja kuchoka. Alikulia katika nyumba ambayo hufungui dirisha bila kuulizwa kama unafungua kwa sababu ya harufu. Alipomaliza shule alihamia mji mwingine, akawa fundi wa kutengeneza simu, na simu zake za nyumbani zote zilimwendea mama.

Basi, mambo yakiwa hivyo, mwaka wa kumi na tano Kitinda akaanza kukonda.

Mwanzoni watu walisema ni kazi. Halafu mkewe akaona nguo za ndani zilizofichwa chini ya ndoo, akaona doa, akauliza. Kitinda akasema ni bawasiri. Mkewe akampelekea habari Dada Mkubwa, na Dada Mkubwa hakuhitaji daktari wa kumwambia jambo hili limetoka wapi.

Walikuja asubuhi, watatu: Dada Mkubwa mbele, mke wa Kitinda katikati, Kitinda mwenyewe nyuma kama mtoto anayepelekwa kuchomwa sindano. Hakuwa ameingia nyumba ile tangu ugomvi wa barabarani. Mke wa Marehemu aliwakaribisha, akawapa viti, akaenda kumwita mumewe uani.

"Waambie sipo."

"Wameshakusikia ukiranda."

Aliingia amejaa vumbi, hakuketi. Dada Mkubwa hakusubiri salamu ziishe.

"Tumekuja kwa jambo moja. Mdogo wako anaumwa. Maneno uliyomtamkia yamemfika. Sasa uyatengue."

"Anaumwa nini?"

"Unajua anachoumwa. Wewe ndiye uliyemtumia."

Marehemu akamgeukia Kitinda. Akamwona vile alivyobaki mifupa ya mashavu na macho. Huruma ilimjia, na kwa kuwa hakuizoea akaigeuza kuwa hasira.

"Damu tangu lini?"

"Ni bawasiri tu, kaka."

"Sikukuuliza jina lake. Tangu lini?"

"Miezi. Inakuja inakwenda."

"Hospitali umekwenda?"

Kitinda akamtazama Dada Mkubwa. Dada Mkubwa akajibu kwa niaba yake. "Atakwenda, lakini kwanza kitolewe kilichomfunga. Unatibu vipi mtu ambaye ulimi wa kaka yake umemkalia tumboni? Tamka hapa, mbele yetu. Sema, maneno yangu nimeyarudisha, mdogo wangu awe salama. Ni maneno mangapi hayo? Yatakuua?"

"Sina cha kutengua. Sikulaani mtu."

"Una roho mbaya," mke wa Kitinda alisema, akaanza kulia. "Una roho mbaya wewe mwanamume. Kwa sababu ya mashine!"

"Mashine ile ni yangu!"

"Na mume huyu ni wangu!"

Sebule ikawa soko. Dada Mkubwa aliyafukua yote: kilio alicholia bure, turubai, suti ambayo eti mumewe angeirudisha kama angeombwa kwa adabu. Marehemu akamjibu kwamba wao walimzika akiwa na pumzi na hawajawahi kumwomba radhi kwa hilo. Akawaita fisi. Akawaambia fisi ana heri, maana angalau hunusa kwanza ajue kama mzoga umekufa. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni, anamwangalia mumewe tu. Na katikati ya fujo ile Kitinda, ambaye hakuwa amefungua mdomo, alisema kwa sauti ndogo:

"Kaka, naogopa."

Marehemu aliangalia sakafu. Alijua jambo moja ambalo wale wengine hawakulijua: Dada Mkubwa akishaamua, Kitinda hatakanyaga hospitali bila ya maneno yale kutamkwa, na yakitamkwa pale sebuleni, wote wataondoka wamefurahi, Kitinda atajiona amepona, atakwenda nyumbani kulala, na damu itaendelea kutoka. Alijua muda ule unavyokwenda. Yeye mwenyewe aliupoteza hivyohivyo.

"Nitayatengua," alisema.

Dada Mkubwa akashusha pumzi. "Haya, sema."

"Si hapa. Maneno haya niliyatoa hospitalini, kwa daktari. Yanarudishwa yalikotoka. Nitayatengua mlangoni pa chumba cha kipimo, Kitinda akiwa ameshavaa gauni la hospitali. Akikanyaga kile kizingiti, nayatamka. Asipokanyaga, yabaki yalivyo, na mwaka huu hataumaliza."

Mke wa Kitinda akapiga yowe. Dada Mkubwa alimkodolea macho nduguye, anapima kama ni kejeli au ni elimu. Akaona ni elimu.

"Hivyo ndivyo yanavyorudishwa?"

"Hivyo ndivyo."

Walipoondoka, mkewe alimwambia, "Muongo mkubwa we."

"Nimejifunza kwao."

"Sikukukataza," alisema, akarudi kwenye cherehani yake.

Kipimo kilipangwa wiki iliyofuata. Daktari wa tumbo alikuwa mwanamke mfupi mwenye haraka. Alipoangalia majina mawili na kusikia ni ndugu, alimwuliza Marehemu kama miaka yote hii hakuna aliyewaambia ndugu zake waje.

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Walisikia vibaya," Marehemu alijibu, na kwa mara ya kwanza ukweli ule ulimchoma yeye kuliko alivyotaka umchome mwingine.

Siku yenyewe walikaa ndugu wawili kwenye benchi la ukumbini. Kitinda alikuwa ameshinda jana yake chooni kwa ile dawa ya kusafisha utumbo, gauni la hospitali limefungwa kamba mgongoni. Wanawake walikuwa wametumwa kwenye dirisha la malipo.

"Linauma?" Kitinda aliuliza ghafla.

"Nini?"

"Hilo. Tundu."

Miaka yote hii hakuna ndugu aliyewahi kumwuliza. Walimwuliza hali, wakamwambia Mungu mkubwa. Marehemu alitaka kumwambia afunge mdomo wake. Badala yake akajikuta anajibu.

"Lenyewe haliumi. Halina hisia, unaweza kuligusa usijue. Kinachouma ni ngozi ya pembeni mfuko ukivuja. Na watu."

"Watu wanafanyaje?"

"Wanafanya kama ulivyofanya. Wanaliangalia halafu wanaangalia ukuta."

"Sikujua niseme nini."

"Ungeniambia chukua karakana yako."

"Usingeweza kunyanyua mbao, kaka. Ungekufa kweli."

"Ungeniacha nife na mashine yangu."

"Wewe mtu mgumu," Kitinda alisema kwa uchungu. "Nimekaa na hiyo karakana kama mtu aliyekalia kaa la moto. Kila mteja anaingia anauliza, kwa nini umemnyang'anya kaka yako? Na nikisema nakurudishia unanitukana. Mara mbili nilimtuma mtoto na funguo. Ulizitupa barabarani."

Ilikuwa kweli. Funguo zile alizitupa, na mara ya pili alizitupa mbali zaidi. Marehemu alikunja uso. "Ulimtuma mtoto. Hukuja mwenyewe."

"Ningekuja unilaani tena?"

Muuguzi akafungua mlango akaita jina. Dada Mkubwa na mke wa Kitinda wakaja mbio kutoka dirishani, maana hicho ndicho walichokingojea. Kitinda akasimama. Akafika kizingitini, akageuka, na mbele ya muuguzi, mbele ya wagonjwa wengine waliokuwa wakinyoosha shingo, akamtazama kaka yake kwa macho ya mtu anayetaka kukombolewa.

Marehemu alijisikia mpumbavu kuliko siku yoyote ya maisha yake.

"Nimeyatengua," alisema. "Ingia."

"Vizuri," Dada Mkubwa alimkemea. "Sema vizuri!"

"Maneno yangu nimeyarudisha! Mdogo wangu awe salama! Haya ingia, kabla sijabadilisha mawazo!"

Kitinda aliingia.

Walimkuta na vinyama kwenye utumbo mkubwa, vitatu. Viwili daktari aliving'oa palepale kwa waya wa kamera waliyomwingizia. Cha tatu kilikuwa kikubwa, kimeshaanza kugeuka saratani, na kilimpeleka Kitinda kwenye upasuaji mwezi uliofuata. Wakakata kipande cha utumbo, wakaunganisha ncha mbili, wakafunga. Hakuhitaji mfuko. Hakuhitaji dawa za mshipani. Daktari alisema wangechelewa mwaka mmoja, hadithi ingekuwa nyingine. Sasa atakuja kukaguliwa mara kwa mara, lakini aende nyumbani akaishi.

Marehemu alizisikia habari hizo akiwa amesimama kandoni mwa kitanda cha mdogo wake, na furaha ilipomjia ilikuja na mwenzake. Mdogo wake alipata ugonjwa uleule, tumbo lilelile, na ametoka na kovu moja la kuweza kuonyesha watu. Vidole vyake vinasikia. Atakaa harusini popote anapotaka. Hata ugonjwa, alifikiri, wamempa yeye ulio laini. Aliondoka pale bila kuaga, akatembea kwa miguu mpaka nyumbani, akamweleza mkewe kila kitu, hata lile la wivu, kwa sababu lilimtisha.

Mkewe hakumhukumu. "Ulitaka naye awekwe mfuko?"

"Hapana."

"Basi huo si ubaya. Ni uchungu wako wa zamani, unatafuta pa kukaa."

"Usiniletee hekima saa hizi."

"Nenda kaoge."

Lililofuata lilikuwa baya kwa namna ya kuchekesha. Kitinda alipona, na mtaa mzima ukasikia dawa yake: kaka yake alitengua. Dada Mkubwa alisimulia jinsi kizingiti kile kilivyokanyagwa na jinsi damu ilivyokatika. Upasuaji katika masimulizi hayo ulipewa sentensi moja. Kwa hiyo Marehemu, aliyemtoa mdogo wake kaburini kwa akili yake mwenyewe, akathibitishwa rasmi kuwa ndiye aliyemtia. Kinyozi wa pale kona aliacha kumtania. Wateja wakaanza kulipa bila kubishana, na mama mmoja aliyechelewa kuchukua fremu zake alikuja na shemeji zake wawili kuomba asimtamkie lolote.

"Waambie ukweli," mkewe alimshauri.

"Wa kazi gani? Kwa mara ya kwanza mtaa huu una adabu."

Yeye na Kitinda hawakuwa marafiki. Walisalimiana wakikutana, salamu kavu, kila mmoja akitazama sikio la mwenzake. Karakana ilibaki ilipo. Siku Kitinda alipokuja mwenyewe kulizungumzia jambo hilo, walifika mahali wakatukanana tena, ila safari hii waliketi, na ugomvi ulidumu mpaka chai ikapoa.

Lakini lilibaki neno moja la daktari. Safari hii alilisema kwa wote wawili pamoja: watoto nao. Wasingoje umri mliougua nyinyi. Waanze miaka kumi kabla. Marehemu akapiga hesabu kichwani. Binti yake alikuwa ameshatimiza miaka thelathini.

Alikaa na jambo hilo siku kadhaa, anapiga randa ubao mmoja mpaka ukawa mwembamba hauna kazi. Kisha akaja mbele ya mkewe akaanza kujaribisha.

"Binti yangu, sikiliza. Kuna jambo lazima ulifanye."

"Unasikika kama polisi."

"Binti yangu, usiogope."

"Hapo ndipo atakapoogopa."

"Wewe mpigie basi!"

"Mimi sina hilo tumbo. Mpigie mwenyewe."

Alipiga. Simu ililia muda mrefu. Binti alipopokea na kusikia ni sauti ya baba, jambo la kwanza aliloliuliza lilikuwa, "Nani kafa?"

"Hajafa mtu! Kwa nini afe mtu? Mimi siwezi kupiga simu?"

"Hujawahi."

"Sikiliza. Baba yako mdogo kapatikana na ugonjwa kama wangu. Kapona. Lakini wewe sasa uko kwenye umri. Usipokwenda kupimwa utaona, itakuja siku..." Akajisikia mwenyewe. Akakata maneno katikati.

Upande wa pili bisibisi ndogo iliwekwa juu ya meza.

"Baba," binti alisema, "unanitisha au unaniarifu?"

Alishika simu kwa nguvu kwa sababu vidole vyake havikumwambia ameishika kiasi gani. "Nakuarifu."

"Basi punguza sauti. Anza upya."

Akapunguza. Akaanza upya, pole pole, kama alivyopanga miaka kumi na mitano nyuma kuwaambia wadogo na wakubwa zake: ni kipimo gani, kinachukua muda gani, ile dawa ya kusafisha tumbo ina ladha mbaya lakini inavumilika. Binti aliuliza maswali mawili ya maana. Aliyajibu bila kumfokea.

"Nitakwenda," binti alisema mwishoni. "Lakini usije. Nitakwenda na rafiki yangu."

Hilo lilimwingia. "Sawa."

"Na majibu nitampa mama."

"Nimesema sawa!" alifoka, akakata simu. Akamgeukia mkewe. "Mtoto huyu ana kiburi."

"Sijui kakitoa wapi."

Majibu yalikuja baada ya mwezi na siku zake, kupitia kwa mama, kama ilivyoahidiwa. Hakukuwa na kitu. Utumbo safi, arudi baada ya miaka mitano. Mkewe alimfuata uani na simu mkononi akamwambia hivyo, neno kwa neno. Marehemu aliitikia kwa kichwa, akachukua rula, akapima fremu aliyokwisha kuipima.

Dakika chache baadaye akaingia mteja kulalamika kwamba bawaba za mlango wake zinalia. Marehemu alimshukia. Alimwambia bawaba hazilii bali zinamlilia yeye, mtu anayefunga mlango kama anayefukuza mbwa. Alimtukana yeye, akautukana mlango, akatukana kiwanda cha bawaba, akaendelea kumpigia kelele mpaka yule bwana alipofika getini. Mkewe aliyasikia yote kutoka kwenye cherehani. Ilikuwa zamani sana tangu sauti ya mumewe itoke hivyo, nene, ya kushiba, isiyo na uchungu ndani yake, na akajua kwamba leo amefurahi.